Kengele ya Chumba cha Injini

Mashimba akitaka kumtazama mtu vizuri huinua kope la jicho la kushoto kwa kidole, kama anayefunua pazia kuona ni nani anabisha. La kulia halijafikia hapo, ingawa nalo limeanza uvivu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi injini kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi, na wenzake walimwita Mzee Kusinzia. Hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Wakati ule kila kitu chake kilikuwa na maelezo. Kope zimelegea? Moshi wa dizeli. Masikio yamekuwa mazito angali na miaka arobaini? Kelele za mashine. Miguu inachoka kabla hajafika juu ya ngazi? Ngazi yenyewe ni ndefu. Injini ile, maskini, ilisingiziwa mambo mengi kuliko paka wa jikoni.

Daraja lilipofunguliwa, magari yakaanza kuvuka juu ya ziwa kwa dakika chache na kivuko kikakosa kazi. Mashimba akarudi kwake Mkolani, akafungua kibanda cha kutengeneza pampu za maji na jenereta. Miezi ikapita. Kope zikaendelea kushuka, miguu ikaendelea kuchoka. Mke wake, Rebeka, ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, akamwambia siku moja akiwa anaosha vyombo:

"Baba Elias, injini umeiacha Kigongo. Sasa nani anakusinzisha?"

Wiki iliyofuata akaenda hospitali.

Daktari aliyempokea aliitwa Specioza, binti wa Kihaya kutoka Muleba, mwembamba, ambaye Mashimba angeweza kumzaa. Alimsalimia kwanza kabla ya kugusa kalamu. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akampima sukari, akamkuta nayo. Akamwambia atazame juu mpaka atakapomwambia basi, na kabla hajamwambia basi, kope zilikuwa zimeshafunga duka. Akamkunjisha mikono, akamwamuru akae na kusimama mara kumi. Mashimba alifika sita. Kisha akauliza, akiwa anaandika:

"Baba, kwenye ukoo wenu kuna mtu mwingine mwenye kope kama hizi?"

"Hakuna. Ukoo wetu wote wana macho makali, wengine mpaka wivu."

"Na mama yako?"

Mashimba akacheka kidogo. "Mama si wa ukoo wetu, daktari. Mama alitoka Sengerema."

Hapo daktari akaweka kalamu chini. Hakumcheka. Alisubiri tu, na katika kusubiri kule Mashimba akamwona mama yake, marehemu Suzana, ameketi na ungo wa mchele mapajani, mkono mmoja unachambua mawe na kidole cha mkono mwingine kimeinua kope. Alimwona hivyo maisha yake yote. Watoto wake wote wawili walidhani ndivyo mchele unavyochambuliwa.

"Mama alikuwa nazo," akasema polepole. "Na mjomba wangu, kaka yake. Alitembelea fimbo kabla ya miaka hamsini. Na mama mdogo alikuwa kiziwi."

"Una ndugu wa mama mmoja?"

"Mmoja tu, Modesta. Anaishi Nyakato. Ana binti wa miaka tisa, Justa. Alikuwa na mvulana pia, Yeremia. Alifariki."

"Alikuwa na nini?"

"Kifafa."

Daktari Specioza akageuza karatasi nyuma na kuchora duara kubwa. Ndani yake akachora duara dogo, na pembeni vitu vingi virefu virefu kama punje za mchele. Duara kubwa, akasema, ni seli moja ya mwili. Mtu ana matrilioni. Dogo la katikati ni kiini. Humo ndimo yamehifadhiwa maandishi karibu yote ya kumjenga mtu, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Zile punje ni mitokondria. Hizo ndizo zinazochoma chakula na kukigeuza kuwa nguvu.

"Chumba cha injini," akasema Mashimba.

"Hasa. Na kiini ni nahodha. Ila, baba, hizi injini ni za ajabu. Zina maandishi yao machache, yasiyokaa kwa nahodha. Na hayo hayatoki kwa baba hata kidogo. Yanatoka kwa mama peke yake. Mama yako aliyapata kwa mama yake."

Mashimba akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: injini ikiharibika kule chini, nahodha anajuaje?

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi moja. Akasema wanazungumza muda wote. Kiini hutuma vipuri, maana vipuri vingi vya mitokondria hutengenezwa kwa maandishi ya kiini na kupelekwa kule. Na mitokondria nazo hupeleka habari juu. Zikizidiwa, hutoa kemikali za taabu, hutapika madini ya kalisi yaliyohifadhiwa ndani yake, huacha baadhi ya vipuri vikwame mlangoni bila kuingia. Kiini husoma dalili hizo na kubadili amri zake: fungua kurasa hizi, funga zile, leta wa kukarabati, punguza matumizi.

Mashimba aliyaelewa hayo kuliko daktari alivyotegemea. Kule kivukoni amri zilishuka kwa kengele: moja mbele, mbili simama, tatu nyuma. Lakini fundi naye alikuwa na njia yake. Simu ya waya ilipokufa, na ilikuwa inakufa kila masika, aligonga bomba kwa spana. Mapigo matatu yakimfikia Nahodha Josephat pale juu, anajua joto limepanda, anapunguza mwendo hapo hapo bila kuuliza. Miaka yote ile Josephat hakushuka chumba cha injini hata mara tano, lakini hakuna siku alipuuza bomba. Alikuwa mtu wa majivuno mengi na kofia safi, ila masikio alikuwa nayo.

"Basi mwili wangu unagonga bomba," akasema, "na nahodha hasikii."

"Anasikia, baba. Hilo ndilo la kusikitisha. Anasikia sana. Anaambiwa nguvu hazitoshi, anaamuru injini ziongezwe. Na mitokondria huongezeka kwa kujigawa. Zilizo mbovu zinazaa mbovu. Tukikata kipande cha msuli wako tukakitazama kwa hadubini, huenda tukazikuta zimejazana pembeni, nyingi kupita kiasi, na nguvu hakuna. Kiini kinajibu kwa uaminifu, lakini kosa liko kwenye kurasa ambazo hakikupewa."

Akamwuliza tena kuhusu Yeremia. Alipewa dawa gani ya kifafa? Mashimba hakumbuki jina, anakumbuka chupa ya maji maji matamu. Macho yalibadilika rangi mwishoni? Yalikuwa ya njano. Tumbo? Lilivimba.

"Kuna dawa moja ya kifafa," akasema daktari, "inasaidia watu wengi sana. Lakini mwenye tatizo hili inaweza kumharibia ini. Siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wenu, sikuwepo. Kwa kawaida tunauliza kwanza habari za familia. Hawakuuliza?"

"Waliuliza," akasema Mashimba. "Waliniuliza mimi."

Siku ile, miaka minne nyuma, Chenge, mume wa Modesta, alikuwa Geita machimboni. Modesta alikuwa hajalala siku tatu na hakuweza kuunganisha maneno mawili. Basi mjomba ndiye aliyekaa kwenye kiti mbele ya meza, mtoto mapajani, akijibu. Jina, umri, chanjo, alianguka lini. Kisha tabibu akauliza: kwenye ukoo wa mtoto kuna mwenye kifafa, au udhaifu wa misuli, au uziwi?

Sasa, mtu wa kwao anajua swali hilo. Ndilo linaloulizwa na washenga kabla ng'ombe hawajatoka zizini, na jibu lake linajulikana. Tena, ukoo wa mtoto ni upi? Chenge alitoa ng'ombe kumi na mmoja mbele ya watu. Yeremia ni wa kwao Chenge, kaburi lake lingekuwa kwa Chenge, na ndivyo lilivyokuja kuwa. Mjomba ni mtu wa heshima kwenye maisha ya mtoto, lakini ukoo si wake. Mashimba aliufikiria ukoo wa Chenge mmoja mmoja, mpaka mababu, kwa uangalifu wa mtu anayelinda jina la wakwe. Wote wazima. Hakusema uongo. Alisema, "Ukoo safi, daktari. Hakuna kabisa." Akasema hivyo ameinua kope kwa kidole amwone tabibu vizuri, na mtoto wa dada yake amelala mapajani mwake. Tabibu akaandika: hakuna.

Daktari Specioza akaandika barua. Akasema Modesta na Justa waje mapema, hata kama binti ni mzima, na barua hii imfikie daktari yeyote atakayemgusa mtoto kabla hajaandika dawa. Wanawe Mashimba, akaongeza, hawana hatari hiyo, maana baba hayarithishi maandishi yale. Alilisema hilo kumfariji. Mashimba akashukuru, akakunja barua.

Alitegemea kwamba akifika barabarani atalia. Hakulia. Alisubiri mpaka Mkolani, hakuna kitu. Rebeka akamuuliza, akamwambia ana sukari. Alikula ugali na dagaa, akamaliza. Hakusikia ladha wala njaa. Ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilikuwa kifuani na haikuja na kuchomachoma kunakoashiria kwamba damu inarudi. Alijaribu kumfikiria Yeremia makusudi, jinsi alivyokuwa akipenda kupewa spana ndogo aishike tu, lakini ilikuwa kama kusoma habari za mtoto wa jirani.

Barua aliiweka kwenye sanduku la vifaa, chini ya spana. Alijiambia ataipeleka Jumapili. Jumapili akafungua pampu ya mtu wa Buhongwa, akaitoa vipande vyote akavipanga kwenye gunia, akakaa akivitazama mpaka jua likamfikia miguuni. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Safari ya Nyakato si ndefu. Alichokuwa anaogopa hakukijua hata yeye. Si hasira ya dada yake, maana hasira angeipokea. Labda aliogopa kwamba atamwambia Modesta jambo lile kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya beringi, na Modesta ataisikia sauti hiyo. Mimi nasema huo nao ni woga, hata ukivaa koti la uchovu. Waswahili walishasema, mficha maradhi, kilio humfichua, na yeye kilio kimoja kilikwisha kupita.

Siku ya kumi na saba simu ikalia. Ilikuwa Modesta, na ilibidi aongee kwa kupaza sauti kwa sababu ya masikio ya kaka yake.

"Kaka, Justa ameanguka shuleni. Kwenye foleni ya uji. Walimu wanasema alitetemeka muda mrefu. Leo asubuhi tena."

"Sasa yukoje?"

"Amelala. Kesho nampeleka hospitali, pale pale tulipompeleka mwenzake. Chenge yuko machimboni, hawezi kuwahi. Twende wote, kaka. Wewe unajua kuwajibu madaktari. Mimi wakiniuliza nachanganyikiwa."

"Nitakuja," akasema Mashimba.

Hakulala vibaya. Hilo nalo lilimshangaza. Asubuhi akatoa barua chini ya spana. Ilikuwa na doa la grisi kwenye kona, akalisugua kwa kidole likazidi kutanuka.

Aliwakuta kwenye benchi. Justa alikuwa amevaa sweta ya shule, kichwa kwenye paja la mama yake. Alipomwona mjomba akajiinua kwa adabu. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama." Ndivyo alivyokuwa akimwita, kwa sababu alifanana na marehemu Suzana. Familia nzima ilisema hivyo tangu akiwa mchanga, na walisema kwa furaha.

Modesta alimshika kaka yake mkono akamkalisha. Alikuwa amepungua. Mashimba alikuwa na barua mfukoni na maneno aliyoyapanga tangu Mkolani: kwanza sukari, kisha mama, kisha Yeremia. Akafungua mdomo. "Modesta," akasema, na muuguzi akaita jina la Justa, wakainuka.

Tabibu alikuwa kijana mwingine, si yule wa miaka minne nyuma, lakini fomu ilikuwa ile ile. Alikuwa mpole. Alimwuliza Justa darasa analosoma na somo analolipenda, Justa akasema hesabu. Kisha akaanza kwenda chini na orodha, Modesta akijibu na kumtazama kaka yake kila baada ya jibu, ahakikishe. Mashimba alikuwa anatikisa kichwa. Alijisikia akitikisa. Kalamu ilishuka mstari kwa mstari, na pembeni ya meza tayari palikuwa na kile kijitabu cha kuandikia dawa.

"Kwenye ukoo wa mtoto, kuna mwenye kifafa, udhaifu wa misuli, au uziwi?"

"Hakuna," akasema Modesta. Na kwa kuwa alikuwa mtu anayependa mambo yaliyonyooka, akaongeza, "Hata mara ile tulijibu hivyo hivyo. Kaka yangu huyu ndiye aliyejibu. Ukoo safi."

Kalamu ikagusa karatasi.

Mashimba akainua kope lake kwa kidole. Hakuamua kufanya hivyo. Alitaka kumwona kijana vizuri, basi. Lakini alipoliinua, alimwona Justa naye akimtazama, na aliona kwamba binti alikuwa amelaza kichwa nyuma kidogo ili aone, kama wanavyofanya watu ambao kope zimeanza kuwa nzito na wao hawajajua. Suzana alikuwa akikaa hivyo kanisani.

"Usiandike," akasema. Sauti ilitoka kubwa, ya mtu anayeshindana na mashine. Kijana akashtuka. "Andika mimi. Mimi ninao huo udhaifu. Na masikio. Mama yetu alikuwa nao, na ndugu zake wawili. Ni wa upande wa mama. Mtoto asipewe dawa kabla hujasoma hii."

Akaweka barua mezani, doa la grisi likiwa juu. Kijana akaikunjua akaanza kusoma, na alivyozidi kusoma akasogeza kile kijitabu cha dawa mbali, mpaka ukingoni mwa meza. Kisha akainuka. "Naomba mnisubiri, namwita daktari mkubwa," akasema, akatoka na barua.

Walibaki watatu. Modesta alikuwa anautazama mlango. Maana ya maneno yale haikumfikia mara moja. Ilimfikia kwa awamu, na Mashimba aliona kila awamu ikifika.

"Walikuuliza swali hili hili," akasema Modesta.

"Waliniuliza."

"Na wewe ulikuwepo pale. Na hayo macho yako."

"Nilijibu ya kina Chenge. Nilidhani ndiyo wanayouliza."

Angemwambia mengine. Angemwambia kwamba Yeremia aligonga na kugonga bomba, na kila aliyekuwa juu alisikia, na kila mmoja aliitikia kwa alichokuwa nacho. Lakini hayo yangekuwa maneno ya kujitetea, na Justa alikuwa anasikiliza. Ganzi ilikuwa bado ipo, nzima.

Modesta hakupiga kelele. Aliuachia mkono wa kaka yake ambao alikuwa bado ameushika tangu kwenye benchi, akaurudisha taratibu kwenye goti la kaka mwenyewe, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Akamvuta Justa karibu. Akamwinua kope kwa kidole gumba, akalitazama lile jicho, akaliachia, likashuka polepole kuliko lilivyopaswa.

Mlango ukafunguka. Daktari mkubwa alikuwa mama wa makamo, amevaa miwani, barua mkononi. Akawasalimia, akavuta kiti. "Nani atanieleza habari za bibi yake huyu mtoto?"

Mashimba akamtazama dada yake. Hakujua kama bado ana ruhusa ya kusema chochote kwa niaba ya mtoto huyu.

"Ni yeye," Modesta akasema bila kumgeukia. Machozi yalikuwa yanamshuka na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Mwulize yeye. Ndiye anayejua kujibu." Kisha, akiutazama ukuta, kwa sauti ile ile: "Haya kaka, jibu. Safari hii nakusikiliza. Anza na mama."

Mashimba akainua kope lake, akamtazama daktari, akaanza na ungo wa mchele.